Mbwa wa Jumbe Alibebwa kwa Machela

Usipoamini sikulaumu. Hata mimi nilimkatiza bibi simu ikiwa inarekodi, nikamwambia bibi acha kamba. Lakini aliapa. Mwaka hamsini na sita, kule Mzenga, mbwa mwenye goti bovu alibebwa kwa machela na wanaume wanne, na mke wa mwenye mbwa, mwenye goti bovu vilevile, akafuata nyuma kwa miguu. Na hapo bado sijafika penyewe.

Mwenye mbwa ni Mwinyimadi, jumbe wa pale. Mtu wa kujimwambafai ambaye ukimkuta amekaa barazani kwake ungedhani Waingereza wamemwachia nchi. Basi Mgiriki mmoja, meneja wa shamba la mkonge huko Kibaha, alipofunga virago kurudi kwao akamwachia mbwa wake, dume la mwili, jina lake Duki. Jumbe akapanda cheo kichwani mwake mwenyewe. Wageni wakija, anamwita kwa Kizungu, "Duki, kam!" Duki, ambaye alikuwa amelelewa kwa Kigiriki, anabaki anajikuna.

Sasa usidhani jumbe alimgusa hata siku moja. Thubutu. Mbwa ni najisi, na yeye mtu wa safu ya mbele msikitini. Wa kumlisha, kumtoa kupe na kumfukuza jikoni alikuwa mkewe, Mwanahalima. Mate ya Duki yakimgusa, anaosha mara saba, moja kwa udongo, na maji anayateka mwenyewe kisimani. Kisima hichohicho ndicho kilichomvunja, maana aliteleza pale na ndoo kichwani, goti likalia kah, tangu siku hiyo anatembea kwa kushika kuta. Aliomba apelekwe misheni ya Maneromango wakamtazame. Jumbe akasema miguu ya wanawake hupona kwa kutembea.

Akatembea.

Duki naye, kwa ubwabwa wa kila shughuli ya mtaa, akavimba kama gunia. Siku moja akamkimbilia ngedere kwenye mihogo, ngedere akakata kona, Duki akataka kukata kona na mwili ule. Akarudi nyumbani na miguu mitatu, wa nne unaning'inia. Hapo jumbe aliyekuwa hajui goti ni nini akapata uchungu wa ghafla. Akasikia Kibaha kumefika daktari wa mifugo, Mzungu, anachanja ng'ombe wa shamba. Akaamuru machela itolewe. Kijiji kizima kilikuwa na hiyo moja tu, ya kubebea wagonjwa na wanawake walioshikwa na uchungu.

Mbebaji wa mbele aliitwa Mashaka, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Jumbe, tukirudi, machela hii nani ataiosha mara saba?"

"Mwanahalima ataiosha."

"Na Mwanahalima akianguka njiani atabebwa na nini?"

"Wewe beba, usiniletee mdomo."

"Nabeba, jumbe. Nauliza tu mgonjwa wetu ni yupi."

Mwanahalima alichukuliwa kwa sababu Duki alikuwa hamwachii mtu mwingine amshike kichwa. Wakafika barabarani, lori la shamba likawapakia mpaka Kibaha.

Daktari akamlaza Duki chini. Mwanahalima akashika kichwa, daktari akashika paja kwa mkono mmoja, muundi kwa mwingine, akavuta. Mfupa wa chini ukachomoka mbele kama mtoto wa meza. Duki akalia, na Mwanahalima akafumba macho kama ameguswa yeye.

"Ndani ya goti kuna kano inayoshika mifupa hii," daktari akasema, Kiswahili chake kibovu lakini kinasikika. "Imekatika. Naweza kupasua, nichukue utepe wa nyama ngumu hapa pajani, nifunge goti. Ni kazi mpya, mara nyingine haishiki. Usipotaka, mpe mapumziko, mkondeshe. Atatembea, lakini atachechemea maisha yake yote."

"Pasua," jumbe akasema. "Huyu kwangu ni kama mtoto."

"Sawa. Lakini nikipasua, miezi miwili akae ndani ya nyumba, chumba kidogo, asiruke, asikimbie. Akitaka kujisaidia, abebwe nje, abebwe ndani. Nani atambeba?"

"Mke wangu."

Daktari akamtazama Mwanahalima anavyoinuka kwa kushika nguzo. "Goti lako tangu lini, mama?"

"La uzee hilo," jumbe akajibu. Mwanamke mwenyewe alikuwa hajafika hata miaka thelathini na tano.

Hapo ndipo Mwanahalima alipofungua kinywa.

"Mpasue, daktari. Nitamlisha, nitamfunga kidonda. Ila kumbeba, atambeba baba yake, maana ni mtoto wake. Asubuhi na jioni, apite naye barazani, watu wamwone."

"Mimi ni mtu wa udhu," jumbe akasema.

"Udhu wa miezi miwili?" Mashaka akauliza. Wabebaji wakageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Jumbe akatazama mbwa, akatazama watu, akapangusa kofia ambayo haikuwa na vumbi. "Basi apumzike tu," akasema. "Kisu nacho si kitu cha kuchezea."

Ulezi wake kwa mtoto uliishia hapo.

Daktari akanawa. Akasema lori la robota za mkonge linakwenda Dar es Salaam sasa hivi, kwa dereva nafasi ipo, na mama akitaka atashushwa hospitali. Mwanahalima alikuwa na kaka yake Ilala, Mwinjuma, fundi cherehani, pa kulala angepata. Lakini ruhusa ya mume hakupewa, na enzi zile mke wa jumbe kupanda lori bila ruhusa, mbele ya watu, huenda asirudi tena kwenye nyumba ile.

"Unakwenda wapi?" jumbe akauliza. "Duki atalishwa na nani? Si unajua hali chakula kwa mtu mwingine?"

Na hilo lilikuwa kweli. Duki alikuwa ameshajikokota mpaka miguuni pa Mwanahalima, ameweka kidevu juu ya kiatu chake. Mbwa hakuwa na kosa lolote katika maneno yale.

Mwanahalima akainama, goti likimuuma, akamkuna nyuma ya sikio, akachomoa mguu wake taratibu. Akapanda.

Bibi anasema mpaka leo Mzenga wapo wanaosema alifanya unyama, kumwacha kiumbe mgonjwa mikononi mwa mtu asiyemgusa. Sasa nakuuliza wewe unayesoma: lori linanguruma, goti linauma, mbwa anakutazama. Ungepanda, au ungerudi Mzenga nyuma ya machela?