Vipimajoto Viwili vya Mzee Nyuzi

Kila siku saa tatu kamili asubuhi, Mzee Nyuzi hufungua kasha jeupe lenye matundu, huinama hadi kofia karibu imdondoke, kisha husoma vipimajoto viwili. Kimoja kimeshika joto la juu la mchana, kingine baridi ya usiku. Mimi, msaidizi wake, huandika. Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na minne.

Jumatatu ile alikuwa bado ameinama mkuu wa kituo chetu cha hali ya hewa alipotokea na barua mkononi.

"Mzee, hicho cha usiku achana nacho. Vipimo vyako vyote vya usiku tunavifuta."

"Vimekosa nini?"

"Kwako, mwaka hadi mwaka, joto la usiku linapanda kasi kuliko la mchana. Tangu lini jua likawaka usiku? Ni macho hayo, Mzee."

Mzee Nyuzi akacheka, lakini kofia aliivua. "Kumbe macho yangu yana zamu kama walinzi! Ya mchana yanaona sawa, ya usiku yanasinzia."

"Usinichekeshe. Barua ya kuvifuta inaondoka saa nne."

Mfukoni nilikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilikuwa nimevilinganisha vipimo vyake na vya vituo vitatu vya mashambani, mbali na lami na majengo, vyenye wasomaji wengine kabisa. Kote joto la usiku lilipanda vilevile. Wiki mbili nzima nilingoja mtu aniulize.

"Haya, mwanangu," Mzee alisema taratibu, "andika cha mchana tu."

"Siandiki."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Wote wawili wakanigeukia. Nikamkabidhi mkuu karatasi kabla miguu haijanikimbia.

Aliisoma mara mbili. "Lakini jua…"

"Lingekuwa jua, mchana ungetangulia kupanda joto. Hewa ya ukaa ya magari na viwanda imetanda juu yetu kama blanketi. Usiku ukifika, joto halitoki upesi."

Mkuu akaigeuza barua upande mtupu, akaiweka juu ya kasha na kutoa kalamu.

"Sasa sema unachotaka kusema, binti. Kwa sauti, niandike."

Mzee Nyuzi akavaa kofia yake.

"Si macho ya Mzee," nilisema. "Wala si jua. Ni sisi watu. Na kwa kuwa ni sisi, tunaweza kulipunguza joto hili."