Fomu ya Zita

Desderius aliacha maharage yamepaliliwa nusu, akanawa miguu, akafunga mkungu wa ndizi kwenye baiskeli na kwenda shuleni alikoitwa. Ndizi hazikuwa za shule. Zilikuwa za Mwalimu Koleta, mstaafu anayeishi njiani. Kila akivuna, mkungu wa kwanza humpelekea.

Mwalimu wa taaluma, kijana wa shati jeupe, alisukuma mbele yake karatasi na pedi ya wino.

"Shikamoo, mzee. Ni uhamisho wa Zita tu. Weka dole hapa, nisikucheleweshe."

Zita, binti yake wa kidato cha pili, alisimama mlangoni akitazama viatu vyake. Ulibaki mwezi mmoja kabla ya mtihani wa taifa.

Desderius hakugusa wino. Aliinua karatasi, akasoma kwa sauti, neno kwa neno. "Mimi mzazi... nimeamua kwa hiari yangu... kumwondoa mwanangu shuleni."

Mwalimu alikohoa. "Kumbe unasoma."

"Niliishia la nne. Anahamia wapi?"

"Mzee, tuseme ukweli. Zita atafeli. Wakifeli yeye na wenzake sita, wastani unashuka, wilayani wanatuita. Wazazi wa hao sita wameshaweka dole."

"Kwa hiyo wasiojua mnawaondoa, mnabaki na wanaojua. Hao mtawafundisha nini?"

Zita alifunika mdomo kwa kiganja.

"Mimi mpaka la tatu nilikuwa sijui hata herufi," Desderius aliendelea. "Mwalimu wangu akawa ananibakiza kila jioni, ananisomesha maandishi ya magunia ya mbolea. Angenifukuza, leo ningekuwekea dole. Niazime kalamu."

Akaandika chini ya karatasi: *Nimesoma. Sikubali.* Akatia sahihi.

"Umeharibu fomu, mzee."

"Ndiyo. Zita, rudi darasani."

Mwalimu alifungua faili. Fomu nyingine sita zilikuwemo, kila moja na dole lake la bluu.

Desderius alipofika kwake, Mwalimu Koleta alikuwa uani akipepeta maharage. Ndizi hakuzitazama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umesoma nini leo?"

Zaidi ya miaka thelathini, swali lake ni hilo hilo.

"Karatasi moja, Mwalimu."

"Umeielewa?"

"Yote. Asante."

"Asante ya nini?"

Desderius aliinama kufungua kamba ya mkungu.

"Ya magunia."