Picha za Kona ya Mwisho

Wapiga picha wenzake wa mbio za magari walimwita Kiuno, wala si kwa kucheza ngoma. Alikuwa na namna yake ya kulifuata gari: miguu imekita, viwiko vimebana mbavu, kiuno kikizunguka taratibu kama mlango uliotiwa mafuta. Kitufe alikibonyeza nusu, kamera ikalinasa gari na kuendelea kujilenga yenyewe kadiri lilivyokaribia. Kisha akafyatua bila kusimama. Gari lilitoka safi hata boliti ukaiona, na nyuma yake watu na uzio wakaburuzika kama rangi mbichi iliyopitiwa na kiganja.

"Ukisita umekosa," alizoea kusema. "Fuata mpaka lipotee."

Aliyemfunza hayo, bila kujua, ni mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa kwao, ambaye tangu utotoni aliitwa Cheche kwa kutotulia. Cheche alianza kuendesha, dada akaanza kumpiga picha. Siku za mazoezi alipita mbele yake tena na tena, kisha akaja kuinamia kioo cha kamera huku jasho likimtiririka.

"Dada, leo umenipata?"

"Nimeupata mkia wako."

Wakacheka hadi mafundi wakawageukia.

Siku ya mbio kubwa, dada alisimama nyuma ya ukuta wa matairi, kwenye kona ya mwisho. Cheche alikuja wa pili, akimfukuzia aliyeongoza. Dada alimnasa tangu mbali. Mara gurudumu la mbele likachomoka. Gari likapinduka, likabiringika, likaubamiza ukuta wa upande wa pili, na dada akalifuata lote, kidole hakijaachia, mpaka lilipotulia na moshi ukaanza kufuka. Hapo ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe ikipiga mayowe.

Cheche alipona, ila mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Mhariri wa gazeti alimpigia simu dada angali kwenye korido ya hospitali. "Pole sana. Lakini usipotuma wewe, tutatoa za ovyo za wengine."

Akatuma.

Kesho yake mama yao alilikunja gazeti lenye picha ya ajali likawa dogo kama leso, akalikalia. "Mwanangu, Mungu kakupa mikono miwili," alisema. "Hata mmoja haukumkimbilia mwenzio?"



Cheche alipopata nguvu za kuketi, aliomba aone picha zote. Alizipitia moja moja, akizikuza, akirudi nyuma, uso umemkauka.

"Cheche, mikono ilikwenda yenyewe. Wallahi sikujua ninachofanya."

"Nilikuwa natafuta moja tu iliyotikisika," akasema, akimrudishia kamera. "Zote safi."

Akageukia ukutani.

Picha ile ilipata tuzo. Dada alikwenda kuipokea, maana kutokwenda kusingemrudishia mtu mguu. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Mama alikataa kuja. Dada alipoketi, simu ikatetemeka mkobani: ujumbe wa Cheche, wa kwanza tangu atoke hospitali.

"Hongera, mpigapicha."

Aliusoma mara nyingi, akilitafuta neno "dada."