Kiti cha Kitinda Mimba

Mume wangu alifia karakanani Jumatatu moja mwezi uliopita, tupa ikiwa bado mkononi. Tulikuwa tumepanga kuwapeleka watoto kwenye bustani ya michezo likizo ikifika. Kwenye treni ya kule, ile inayopanda juu angani na kushuka kwa kasi, kila mtoto mdogo hukaa na mtu mzima. Tulishagawana: yeye na kitinda mimba, mimi na dada mtu.

Likizo imefika. Nilitaka kuahirisha safari, lakini mdogo haachi kuuliza atakaa na nani.

Jana wifi yangu alimsikia.

“Utakaa na mimi.”

“Shangazi, wewe si unaogopa hata ngazi?”

“Nitafumba macho. Kazi yako ni kunishika.”

Mtoto akamtazama, akakubali. Mimi niliendelea kukunja nguo.

Tunaondoka Jumamosi asubuhi, sisi wanne.