Hina ya Bi Mashavu

Haya kanieleza Salhiya, bintiye Bi Mashavu, mwezi wa Shaabani uliopita, alasiri ya siku tuliyoanua tanga la mama yake. Watu walikuwa washaondoka na masufuria yao. Tulibaki sisi wawili katika nyumba yao ya Michenzani, mimi nikikunja mikeka. Nakaa ghorofa ya chini yao, na marehemu alikuwa shoga yangu kwa miaka arubaini, kwa hivyo mengine nayajua mwenyewe na nitayatia humu humu.

Bi Mashavu alikuwa mke wa askari. Mke wa askari, akisema, ana mume wa barua. Borafya alipelekwa Tabora, akapelekwa Songea, akapelekwa na kwengine asikokusema. Yeye kabaki Unguja na watoto wanne, na watoto wa mashemeji, na mama mkwe aliyepooza. Nguo za skuli akizishona mwenyewe. Mtoto yeyote wa ukoo ule akiumwa na jino, ataletwa kwa Bi Mashavu. Akivunja ahadi ya ndoa, ataletwa kwa Bi Mashavu vilevile.

Wakati wa vita vya Uganda alikuwa Kizimkazi, kwa wakwe. Ikaja habari kwamba Borafya kafa. Hapana maiti, hapana kaburi, ila maneno ya mwenzake aliyemuona akianguka. Bi Mashavu akavishwa nguo za eda, akaingia ndani. Hapana wanja, hapana udi, wala kuonana na mwanamme asiyekuwa maharimu wake. Siku ya mia na sita mtu akapiga hodi. Shangazi yake Bi Mashavu, Bi Maisara, alijibu nyuma ya mlango:

"Hapaingii mwanamme hapa! Mna mtu edani."

"Eda ya nani?"

"Ya mumewe, Borafya."

"Basi mwambie huyo, Borafya kaja, ana njaa. Katembea kutoka Makunduchi."

"Mwanahizaya wewe! Unamfanyia mzaha maiti?"

Hakufunguliwa mpaka alipotaja jina la mama yake na la mbuzi wao. Alikuwa kakonda, mguu mmoja anauburuta. Sheikh akasema ndoa iko pale pale, kwani mume hakufa. Tulicheka miaka. Borafya mwenyewe akiwaambia wageni, "Huyu kashanililia. Siku mkinizika msimsumbue."

Akafa kweli miaka kumi na mbili iliyopita. Alikwenda Tabora kumzika askari mwenziwe, akaugua, na huko huko akazikwa. Safari hii habari ilikuja kwa simu. Bi Mashavu akakaa eda mara ya pili, miezi minne na siku kumi, haikupungua hata siku. Alitoka kama sheria inavyotaka, lakini udi hakufukiza tena wala hina hakutia. Nikimwita twende tukatie hina kwenye harusi za watu, hunijibu, "Nimtilie nani, shoga?"

Sasa hapa ndipo pa Salhiya. Mwaka jana akili ya mama yake ilianza kupotea. Asubuhi huuliza, "Baba yako hajarudi?" Salhiya hajui kusema uongo tokea mdogo. Akamjibu, "Mama, baba kafa." Bi Mashavu akaangua kilio kama mtu aliyeambiwa sasa hivi. Akataka nguo za eda, akavishwa. Jioni kasahau, anauliza kwa nini kavaa hivi. Kesho yake asubuhi anauliza tena.

"Miezi saba, Bi Tahiya," Salhiya aliniambia. "Kila siku nikimuua baba yangu mbele ya mama yangu. Nlikuwa naogopa dhambi ya kumdanganya mzee."

Wiki ya mwisho mtu alipanda ngazi. Bi Mashavu akainua kichwa. "Nani? Borafya?"

Salhiya alikuwa na bakuli la uji mkononi. "Nlichoka," kaniambia. "Nikasema naam, mama, ni baba."

Bi Mashavu hakulia. Alitazama viganja vyake.

"Ataniona hivi? Hebu nenda Darajani ukaniletee hina. Na yeye mwambie akae nje, asiingie."

"Si atachoka kungoja, mama?"

"Achoke. Mimi kaningojesha mara ngapi?"

Hina ikaletwa. Salhiya akamtia mikono na miguu, akamfukiza udi, akambadilisha kanga. Siku tatu kila akiuliza huambiwa baba yuko msikitini, baba kalala, baba kenda kunyoa. Alikula. Siku ya nne, baada ya alfajiri, akafa.

Mimi nilikuwa katika waoshaji. Ulfat, mwenzetu mmoja, aliiona hina akasema, "Ajuza mgonjwa na hina mbichi namna hii! Kwani kaolewa?" Salhiya alikuwa nyuma ya pazia, kamsikia.

"Sasa niambie wewe uliyemuosha," akaniambia. "Mama kaondoka duniani na uongo wangu mikononi mwake. Nimekosa?"

Nilimaliza kukunja mkeka niliokuwa nao.

"Mimi darasa la tatu, mwanangu. Ukitaka fatwa, masheikh wapo."

"Sitaki fatwa. Nakuuliza wewe."

"Basi umekosa," nikamwambia. Akainamisha kichwa. "Umekosa kwa kuchelewa. Mimi ningemwambia kaja tokea siku ya kwanza."

Akanitazama. Akacheka kwa puani, kisha kile kicheko kikageuka kilio, na tokea maziko sikuwahi kumuona akilia. Nikamwacha.

"Na Ulfat je?" akauliza baadaye.

"Ulfat mwache na mdomo wake. Hata maiti wanamchoka."

Akasema nyumba imekuwa kubwa. Nikamwambia nyumba hizi zote zilijengwa kwa kipimo kimoja, na yangu nayo imekuwa kubwa zamani, utazoea. Sikumwambia kama mimi sijazoea.

Alilala juu ya mkeka uliobaki, kiganja chini ya shavu. Kulala baada ya alasiri si kuzuri, na mama yake angemwamsha kwa maji ya uso. Mimi sikumwamsha. Nilitaka kumwambia mtu kwamba mtoto kalala, na niliyezoea kumwambia mambo kama hayo ndiye tuliyemzika. Huko chini hapana aliyekuwa akinisubiri. Nikajinyoosha upande wa pili wa mkeka, nikasema nitafumba macho kidogo tu mpaka adhana, na usingizi ukanichukua.