Taya la Profesa

Nilikosa cheti cha kidato cha nne. Nilikosa nywele za utosini, na subira kwa wateja wanaobadili mawazo baada ya kitambaa kukatwa. Nilikosa pia mtu wa kunibishia nyumbani, ukiacha mke wangu, ambaye alitosha kwa ukoo mzima. Maumivu ya kichwa tu ndiyo ambayo sikuyakosa.

Na niliyajivunia. Mimi ni fundi cherehani niliyeanza shule ya jioni nikiwa tayari na wajukuu, na niliamini kichwa kinauma kwa sababu kimejaa. Kila mtihani wa mwisho ulipokaribia, maumivu yalipanda kutoka kisogoni hadi machoni, nikaahirisha. Wenzangu walifanya, wakafaulu, wakaondoka. Mimi nikabaki, na kila darasa jipya lilinirithi kwa jina la Profesa.

"Ubongo ukifanya kazi sana lazima ulalamike," nilimweleza mke wangu.

"Basi wangu una raha. Nenda zahanati, baba watoto, kabla wako haujapasuka."

Daktari alinipima macho, akapima presha, akauliza maswali mengi. Nilingoja jina refu la ugonjwa wa wasomi. Akasema misuli ya shingo na taya imekaza, niende kwenye mazoezi ya yoga, ukumbi wa nyuma.

Nilienda na suti. Mwalimu, binti wa rika la kitinda mimba wangu, aliitazama suti, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo, mzee. Utaweza kulala chini na hiyo?"

"Marahaba. Nimeishona mwenyewe. Inavumilia."

Haikuvumilia. Nilipoinua miguu kuiegemeza ukutani, mshono wa nyuma wa suruali uliachia kwa ile sauti ambayo kila fundi anaijua.

"Pole, babu," akasema mama muuza mboga kwenye mkeka wa pili. "Wewe umeanza kulegea kabla yetu."

Nikafumba macho, nikajifanya natafakari.

"Pumueni taratibu," mwalimu akasema. "Legezeni mabega. Legezeni taya." Akaja kuinama juu yangu. "Mzee, legeza meno."

"Nimelegeza."

"Umeyauma kama mtu aliyeshika kitu."

Nikajaribu. Mdomo ukagoma. Nilihisi kabisa kwamba nikiachia, kitu kitamwagika. Ndipo nikaelewa: pini! Tangu ujana nimefanya kazi na pini kati ya meno, mikono yote miwili ikiwa kwenye nguo. Nilikuwa nimesoma historia yote, jiografia yote, nikiwa nimeziuma pini ambazo hazipo.

"Kwa hiyo si ubongo?" nikauliza.

"Ni taya, mzee."

"Hata kidogo?"

"Ubongo wako uko salama. Wala haujachoka."

Hilo liliniuma kuliko kichwa.

Hata hivyo nilirudi, safari hii na suruali ya kulalia. Mke wangu alinishonea kimto cha pini cha kuvaa mkononi. Asubuhi nililala kwenye mkeka kati ya cherehani na kabati, mdomo wazi, naye akaniruka akienda kuchemsha chai. Siwezi kusema nimepona kabisa; kichwa bado huuma mara mojamoja, lakini hakinilazi tena.

Hapo ndipo nilipotambua hasara yangu. Tangazo la mtihani lilipobandikwa, nilikisikiliza kichwa kwa matumaini. Kimya.

"Unajiandikisha lini?" mke wangu akauliza.

"Mgongo nao..."

"Mgongo una zoezi lake. Nimekuona ukilifanya."

Nikachezea uzi. Mwishowe nikasema, "Na nikifeli?"

"Utafeli kama watu wengine. Kwani wewe nani?"

Nikauweka uzi chini. Nikachukua karatasi, nikamwandikia mkuu wa shule kuomba jina langu liwekwe kati ya watahiniwa. Aya mbili zilihusu taya. Mke wangu alizisoma, akaniambia nizikate, nami nikazikata. Nikalamba gundi ya bahasha, nikaibana kwa kiganja, nikaipeleka posta kwa miguu yangu.

"Nikiitumbukiza," nikamuuliza karani, "inaweza kutolewa?"

"Ikiingia imeingia, mzee."

Nyuma yangu foleni ilianza kukohoa. Nikaitumbukiza.