Machozi ya Mwenye Nyumba

Kitanda cha Honora Duggan ndicho kilichotangulia. Madalali wa mahakama walikiburura ngazini, wakakitupa kwenye theluji, kisha wakarudi kuchukua meza, sufuria la viazi, na mwisho mjane mwenyewe, akikohoa na mwanawe mgongoni.

"Malachi, si wewe mtu wa magazeti?" alimwambia jirani yake aliyesimama mlangoni. "Sema neno basi!"

Malachi Heffernan alikuwa amefukuzwa Ayalandi na Waingereza kwa sababu ya maneno yake. Akirudi, gereza linamngoja. Hapa New York walau aliweza kuandika. Aliandika habari nzima, na jina la mwenye nyumba akaliweka wazi: Thady Scanlan.

Breslin, mhariri wake, aliisoma akiwa amesimama, akaikunjakunja na kuitia kwenye jiko la makaa.

"Umerogwa, ndugu yangu? Scanlan ndiye anayetununulia karatasi. Ndiye anayewalisha wake za wenzetu waliofungwa kule Ayalandi."

"Amemtupa mjane kwenye theluji."

"Hakulipa kodi."

"Kwetu nako wapangaji hawakulipa. Tuliwaita mashujaa."

"Kwetu mwenye nyumba alikuwa Mwingereza." Breslin alishusha sauti. "Jumamosi kuna karamu ya chama chetu cha kupigania uhuru wa Ayalandi. Scanlan anataka uisome ile makala iliyokufukuzisha nchi. Ukikataa, katafute gazeti jingine. Na hakuna litakalokuchukua, unajua."

Alijua. Yote yalishamkataa.

Kufikia Jumamosi Honora alikuwa amelazwa hospitali ya maskini, hajitambui, na mwanawe amechukuliwa na masista. Malachi alivaa koti la kuazima, akaenda.

Alisoma jinsi familia moja ya Mayo, kule Ayalandi, ilivyotolewa nje ya kibanda chake, jinsi mama alivyomfunika mtoto kwa nyasi za paa lililobomolewa. Kwenye meza ya mbele ya ukumbi, Scanlan alikuwa akilia, wala hakuwa akijionyesha, mabega yalimtikisika. Naye alizaliwa Ayalandi, kwenye kibanda kama kile.

Malachi alipomaliza, Scanlan alimfuata jukwaani akamshika mikono yote miwili.

"Mungu awalaani, kaka. Mungu awalaani wote wanaofanya hivyo!"

Malachi alifungua kinywa. Pembeni, Breslin alikuwa akimtazama.

"Amina," alisema.

"Hebu rudia pale pa yule mama," Scanlan aliomba, akijifuta mashavu. "Taratibu. Watu wasikie."

Malachi akaparudia, taratibu.